Utafiti usiishie kabatini: mwongozo kamili wa kubadilisha kazi kwa kuanzia na mtu anayeifanya

Nianze na fomu. Nilikuwa supavaiza wa ubora kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza (jina naliacha), na kila laini ilikuwa na fomu ya joto la samaki ya kujaza kila nusu saa. Siku moja nikachukua fomu za wiki nzima nikazipanga mezani, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona zamani: fomu ya shifti nzima imeandikwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, nyuzi 2, 2, 3, 2, 2, na karatasi ni kavu kabisa, haina hata doa, wakati laini yenyewe ni maji na barafu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Fomu zilikuwa zinapikwa. Zinajazwa zote kwa mkupuo shifti ikiisha.

Uamuzi wa haraka wa uongozi ulikuwa ule ule wa siku zote, barua za onyo, mafunzo upya, na bango ukutani linalosema UBORA NI JUKUMU LANGU. Baada ya miezi miwili fomu zikaanza kuwa na madoa, basi, watu wamejifunza kuzimwagia maji kidogo. Hapo ndo nilianza kusoma kwa nguvu hii elimu ya binadamu na kazi, wengine wanaiita egonomiki, na haya ninayoandika ni njia niliyoipita mwenyewe pamoja na mambo yanayojulikana vizuri duniani. Kama wewe ni meneja, matroni wa zahanati, mkuu wa shule, mwenye boti au mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) kwenye mwalo wako, njia ni hiyo hiyo, badilisha mifano tu.

Kwanza elewa wazo lenyewe

Wakati wa vita kuu ya pili, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wanatua salama kabisa, alafu wakiwa chini kwenye lami wanakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zilisema kosa la rubani. Mwanasaikolojia mmoja, Alphonse Chapanis, akaenda kuangalia ndani ya ndege yenyewe akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabawa madogo ya kutulia zimekaa jirani na zinafanana. Mtu amechoka, katoka vitani, mkono unaenda kwenye swichi ya jirani. Dawa yake: kwenye mpini wa magurudumu akaweka umbo la gurudumu, kwenye ule mwingine umbo la kabari, mkono ukigusa tu unajua bila kuangalia. Mpaka leo ndege nyingi mpini wa magurudumu una umbo la gurudumu. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones wakachambua matukio 460 yaliyoitwa makosa ya marubani kwenye kutumia vidhibiti vya ndege, na kilichojitokeza ni kwamba mengi yalikuwa na mpangilio, yalitokana na jinsi vifaa vilivyotengenezwa na kupangwa. Uzembe haukuwa jibu.

Huku kwetu tuna kidonda chetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, MV Nyerere ikapinduka pale Ukara mita chache kabla ya gati, kivuko cha kubeba watu 101, waliokufa ni 228. Kila msiba watu wanauliza nani alaaniwe, na kuwajibishana lazima kuwepo sibishi, ila swali linalookoa roho ya kesho ni jingine: abiria wanahesabiwa wapi, na nani, kwa njia gani, na yule anayehesabu akisema "tosha" siku ya gulio, mbele ya mama zake na wajomba zake wenye mizigo wanaotaka kurudi nyumbani, ana uwezo kweli wa kukifanya kivuko kisiondoke? Kama hana, basi ile namba iliyoandikwa ubavuni ni rangi tu.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja, alafu mshike mwenye ufunguo

Usianze na "kuboresha utamaduni wa taasisi". Chukua kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: fomu zinazopikwa, dawa zinazochanganywa, vidole vinavyokatwa na visu, magari yanayokaa foleni getini. Alafu tafuta mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya pesa na ratiba ambaye tatizo hilo linamuuma yeye mwenyewe. Kwetu alikuwa meneja uzalishaji, kwa sababu mzigo ukikataliwa Ulaya simu inaanza kwake, na watu wa rika lake wanakumbuka vizuri mwishoni mwa miaka ya 1990 soko la Ulaya lilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, hali ilivyokuwa mitaani.

Kabla hujaanza, kaeni naye mkubaliane vitu na viandikwe: hakuna jina la mfanyakazi litakaloletwa kwenye ripoti, hakuna atakayeadhibiwa kwa alichokuambia wakati wa utafiti, na kuna hela kidogo iliyotengwa tayari ya kurekebisha chochote kitakachoonekana. Hilo la hela wengi wanaliruka. Ukiwahoji watu mwezi mzima alafu mwisho wa siku hata ndoano ya kutundikia kipimo inakosekana, umewafundisha kwamba kusema ni kupoteza muda, na safari ijayo hawatakuambia kitu.

Hatua ya 2: Nenda ukae kwenye kazi

Hapa ndo penye utajiri wote, tumia muda wako mwingi hapa. Kila kazi ipo mara mbili, ile iliyoandikwa ofisini na ile inayofanyika kweli, na kati ya hizo mbili kuna bonde ambalo wafanyakazi wanalivuka kila siku kwa ujanja wao.

Siku ya kwanza usibebe karatasi. Vaa kama wao, gambuti, aproni, kofia, salimia kila mtu, wakubwa shikamoo, simama pembeni pasipozuia njia. Siku ya pili fuata kitu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilifuata kreti moja ya sangara kutoka gari la barafu, kwenye mzani, kwenye meza ya wakata minofu, mpaka chumba cha baridi, na mapanki yake (mifupa na vichwa vinavyobaki) mpaka yanakotokea mlango wa nyuma. Kwenye zahanati fuata mgonjwa mmoja au kichupa kimoja cha dawa. Nenda shifti ya usiku pia, na saa ile ya kubadilishana zamu, na siku mzigo umezidi, kwa sababu kazi ya Jumanne tulivu sio kazi ya siku ambayo magari matatu yamefika kwa pamoja toka visiwani.

Andika nini? Andika mara ngapi mtu anakatishwa akiwa katikati ya jambo. Mikono yake ina nini wakati anatakiwa kuandika. Anatembea umbali gani kufuata kifaa. Mwanga, kelele (kama hasikii mtu wa hatua mbili atasikiaje king'ora), baridi, maana vidole vikipoa sana havihisi kisu vizuri. Na umri, ndugu zangu: mtu akishavuka miaka arobaini na kitu macho ya karibu yanaanza kugoma, na fomu zetu zina herufi ndogo kama dagaa, alafu tunashangaa kwa nini mama wa watu anaruka mstari.

Cha muhimu zaidi ni ujanja. Kila ukiona mtu kafunga kitu kwa kamba, kaandika namba ukutani kwa makaa, kaficha kifaa chake ili wenzake wasikichukue, simama hapo. Ujanja ni alama kwamba mfumo umemuangusha na amejiokoa. Usiuvunje kabla hujajua unaziba tundu gani.

Kwetu nilichoona ni hiki. Kipimajoto kilikuwa kimoja kwa laini tatu, kinafungiwa ofisini kwa sababu viwili vilishaibiwa, ofisi ipo ng'ambo ya uwanja, ukitoka lazima uvue gambuti na aproni, ukirudi unawe upya na upite kwenye dawa. Mtu huyo huyo anayepima ndo anasogeza kreti. Ukifanya hesabu ya kawaida tu, kupima kila nusu saa kama fomu inavyotaka maana yake laini inakuwa haina mtu wa kreti kwa sehemu kubwa ya shifti. Haiwezekani. Kazi iliyoandikwa ilikuwa haiwezekani kufanyika, na kwa miaka tulikuwa tunaadhibu watu kwa kutofanya kisichowezekana.

Hatua ya 3: Uliza vizuri

Usimuite mtu ofisini. Ofisini ni mahali pa kupewa onyo, atakujibu majibu ya onyo. Kaa naye wakati wa chai, na umuulize kazi, usimuulize makosa. Swali ninalolipenda kuliko yote: "Kama mdogo wako anaanza kazi hii kesho, ungemwambia ajihadhari na nini?" Utapewa semina nzima. Jingine: "Lini mara ya mwisho siku iliharibika, na mlijiokoaje?"

Mama mmoja mtu mzima, mkata minofu wa miaka mingi, nilimsalimia nikakaa naye kwenye benchi la nyuma.

"Mama, hii fomu huwa mnaijaza saa ngapi?"

"Saa nane mwanangu, tukishanawa. Sasa ningejaza saa ngapi, na mikono hii?"

"Na mkiona samaki amepata joto?"

"Tunamuongezea barafu. Kuandika hatuandiki. Yule binti aliyeandika nyuzi 9 mwaka juzi, ulimuona tena hapa?"

Nikanyamaza. Sentensi hiyo moja ilikuwa na utafiti wote ndani yake, watu walikuwa wanafanya kitu sahihi kwa samaki na kitu cha uongo kwa karatasi, kwa sababu karatasi ndo iliyokuwa inafukuzisha kazi.

Hatua ya 4: Panga dawa kwa nguvu yake

Sio kila dawa ina nguvu sawa, na sisi huwa tunakimbilia zile dhaifu kwa sababu ni bei rahisi na zinapigwa picha vizuri. Yenye nguvu kuliko zote ni kuliondoa tatizo kabisa, mfano hatua isiyo na kazi ifutwe. Inafuata kubadili kifaa au mahali ili kosa liwe gumu kutokea, kama Chapanis alivyofanya. Chini yake kuna ratiba, idadi ya watu na mgawanyo wa kazi, chini zaidi taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa bango na hotuba. Mafunzo yana kazi yake kama mtu kweli hajui, lakini kama anajua na bado hafanyi, usimfundishe tena, nenda ukaangalie ni nini kinamzuia.

Wale mliopita kwenye 5S, ule mpango wa kupanga sehemu ya kazi, mnayajua maneno yale ya sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ni mazuri, na sehemu nyingi yameishia kwenye kupaka mistari ya rangi sakafuni kwa sababu waliopanga mistari sio wanaotembea juu yake.

Sisi tulifanya hivi: kipimajoto kimoja kila laini, kimefungwa kwa mnyororo mwembamba palepale mezani (wizi ukaisha), ubao mweupe mkubwa wa plastiki badala ya karatasi, kalamu ya nta inayoandika kwenye maji, na mara za kupima zikapunguzwa zikawekwa pale joto linapoweza kupanda kweli, yaani gari likifunguliwa, kreti ikikaa mezani kusubiri, na kabla ya kuingia chumba cha baridi. Ubao ukaandikwa kwa herufi kubwa, na juu yake kitu kimoja tu cha kukumbuka, samaki akae karibu na nyuzi 0, joto la barafu inayoyeyuka. Mtu wa ubora anapita na simu anapiga picha ya ubao, hiyo ndo kumbukumbu. Kabla ya hapo tulihakikisha mfumo wetu wa ubora na wakaguzi wanaikubali, usiruke hilo, ukibadilisha kumbukumbu bila kuwashirikisha wakaguzi utarudishwa mwanzo.

Hatua ya 5: Jaribu padogo

Laini moja, shifti moja, wiki moja. Tengeneza kwa kadibodi na kamba kwanza, waambie "hiki kitu kibaya, nionyesheni kilivyo kibaya". Siku ya pili tu waligundua ubao umetundikwa juu mno na ukutani nyuma yao, yaani kila kupima mtu anageuka na kisu mkononi. Ukahamia mbele. Nikiwa ofisini nisingejua hilo hata kwa mwaka.

Hatua ya 6: Jiandae, namba zitakuwa mbaya

Hapa ndo mabadiliko mengi yanakufa, naomba usome polepole. Siku watu wakianza kusema ukweli, ripoti zinakuwa mbaya ghafla. Matukio yanaongezeka, joto linapanda, makosa yanaonekana mengi, na bosi ambaye hakuandaliwa atasema mradi wenu umeharibu kiwanda. Hali ilikuwa hivyo hivyo tangu zamani, kilichobadilika ni kwamba sasa inaonekana. Kwa hiyo mwambie mapema, kabla ya kuanza: "Bosi, wiki mbili za mwanzo utaona namba mbaya, ukikasirika mara moja tu, ubao utarudi kuwa nyuzi 2, 2, 3, 2."

Kwetu siku ya nne ikaandikwa nyuzi 8. Laini nzima ikawa inamtazama meneja anavyokuja. Nilikuwa nimemuomba sana, na kwa kweli yule mzee aliheshimu makubaliano, alisimama mbele ya ubao, akauliza nani kapima, binti akainua mkono unatetemeka, akamwambia "wabeja sana", yaani asante sana kwa Kisukuma, alafu akageukia kwa dereva kuuliza gari lilisimama wapi njiani. Ikaonekana gari lilikwama na barafu ilipungua. Toka siku hiyo sikuhitaji kuhamasisha mtu.

Heshima yetu kwa wakubwa ni kitu kizuri, mimi nimelelewa nayo na nawalea wanangu nayo. Ila kwenye hatari heshima inahitaji mlango. Tarehe 27 Machi 1977 pale Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa, na ndani ya ile iliyokuwa inaruka fundi wa ndege alikuwa ameuliza kama njia ni tupu kweli, rubani mkuu aliyeheshimika sana akamjibu ndio na akaendelea. Baada ya ajali za namna hiyo, mwaka 1979 NASA iliitisha warsha, na mashirika ya ndege yakaanza kufundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Huku kwetu usimwambie kijana "jiamini uongee", mpe sentensi iliyokubaliwa na wote, yenye adabu ndani yake. Sisi tuliweka: "Mzee samahani, nasimamisha." Sheria ni moja, ikisemwa, kazi inasimama kwanza, maswali baadaye, na mkubwa hajavunjiwa heshima kwa sababu yeye mwenyewe ndo aliyeipitisha mbele ya watu. Tulifanya mazoezi mpaka wakubwa wakazoea kusimamishwa.

Hatua ya 7: Kuwa makini na chekilisti

Kuna chekilisti ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani na mojawapo ni yetu, Ifakara. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kila nchi ikaitaka. Alafu jimbo la Ontario kule Kanada likaziagiza hospitali zake ziitumie, utafiti wa mwaka 2014 ukaangalia hospitali 101 na haukuona upungufu wa maana wa vifo wala madhara. Wataalamu wanabishana sababu, mimi nimeshawishika na wanaosema kuipeleka karatasi sio sawa na kuibadilisha timu, ile chekilisti kazi yake ni kuwafanya watu wasimame, watajane majina, na nesi apate ruhusa ya kusema. Kwa hiyo ukiileta kwako, iwe fupi, isomwe kwa sauti, na walio kazini waikate wenyewe mpaka ibaki wanachokihitaji.

Hatua ya 8: Ifunge kwenye mambo ya kuchosha

Bajeti, manunuzi, mkataba wa ajira, mafunzo ya mgeni. Betri za kipimajoto zipo kwenye oda ya kila mwezi au zinategemea huruma ya mtu? Nani ananunua visu na glovu, na je aliwahi kumuuliza anayevivaa? Na malipo, hili wengi wanaliogopa: kama mkata minofu analipwa kwa kilo, usimuombe apunguze kasi kwa ajili ya usalama, unamuomba akatwe mshahara. Tulibishana miezi kuhusu hilo na tukapata nusu tu, muda wa kunoa kisu na kupima ukaanza kulipwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakupa pa kusimamia ukiongea na wakubwa, itumie, lakini usiifanye fimbo ya kwanza.

Bosi wako anaweza kuhamishwa kesho. Kwa hiyo yale makubaliano ya hatua ya 1 yasainiwe na cheo, sio na jina, na mtu wa laini awepo kwenye kamati, mwenye kura.

Baada ya miezi sita rudi bila taarifa. Angalia kama mnyororo wa kipimajoto bado upo, kama kalamu ina nta, kama mgeni wa wiki hii anaweza kukuonyesha jinsi ya kupima. Alafu omba picha za ubao za mwezi uliopita uzipange kwa tarehe. Ukikuta namba zinapanda na kushuka, na siku mbovu zina maelezo ya kilichofanyika pembeni, waache wafanye kazi. Ukikuta 2, 2, 3, 2, usiulize nani. Vaa gambuti urudi hatua ya 2.